Uji wa asubuhi watuliza nyumba baada ya talaka

WATU wakisikia kwamba nyumba fulani imefikwa na talaka, swali la kwanza huwa ni nani amebaki na nyumba na nani atatoa pesa za matumizi. Ni nadra mtu kuuliza: je, watoto wanakunywa uji saa ngapi?

Mimi ni baba, mkazi wa Nyamirambo hapa Kigali. Mahakama ilitutenganisha mimi na mke wangu, tukiwa na watoto 2. Mmoja ana miaka 10, mwingine 7. Siku za shule wanakaa kwangu, na mwisho wa juma wanakwenda kwa mama yao, upande wa pili wa mji.

Miezi ya kwanza, yule mdogo aliniuliza kila asubuhi: "Baba, leo tunalala wapi?" Jibu alilijua. Lakini mtoto aliyeona nyumba moja ikigawanyika, lazima ahofie kwamba hata hii iliyobaki itamponyoka.

Maneno hayakumtuliza. Kilichomtuliza ni mambo madogo yanayorudiwa kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Saa 12:00 asubuhi nawasha jiko. Uji wa sosoma, yaani wa soya, mtama na mahindi, hautaki kuachwa bila kukorogwa, la sivyo unafanya madonge. Mwiko anaushika mkubwa, mdogo anapanga vikombe. Kila mtu ana kikombe chake na hakuna anayegusa cha mwenzake.

Tangu Januari 2023, shule nchini Rwanda zinaanza saa 2:30 asubuhi na kazi saa 3:00, kufuatia uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Novemba 2022. Kwa mzazi anayelea peke yake, hiyo nusu saa katikati ni mali. Nawafikisha watoto hadi getini kwa miguu, tukihesabu pikipiki njiani, kisha naenda kazini.

Jumatano tunakula isombe, Alhamisi maharage na ndizi. Majirani hunitania kwamba naendesha kambi ya jeshi. Nawajibu kwamba jeshini hawaimbi wakati wa kuosha vyombo.

Siku ngumu ni Ijumaa, siku ya kufunga begi. Mimi na mama watoto hatukubaliani kwa mengi, lakini mawili tumeyashika: kwake na kwangu watoto wanalala saa 2:30 usiku, na habari za karo au dawa tunapigiana simu wenyewe. Mtoto si tarishi.

Ijumaa moja mdogo alikataa kuvaa viatu. Alisema akiondoka, nitakula peke yangu. Nikamwonyesha kisufuria ninachopikia wao wakiwa hawapo. Akataka kujua napika nini humo. Nikamwambia mayai. Akafikiri kidogo, akavaa viatu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nachukua jembe na kwenda kwenye umuganda na majirani. Nikirudi, nyumba iko kimya mno. Ndipo nafua sare zao na kuzianika. Jumapili jioni wakirejea, tunakaa barazani sote watatu, tunapiga viatu rangi huku wakinisimulia ya kwa mama yao. Mimi nasikiliza tu, sipelelezi.

Siku hizi mdogo haulizi tena tunalala wapi. Anauliza kama uji una sukari ya kutosha.

Msomaji uliye na nyumba kama yangu, usingoje upate pesa ndipo uwafariji wanao. Zawadi kubwa ya mara moja husahaulika upesi. Chagua saa moja na jambo moja, hata kama ni kikombe cha chai, kisha usikose hata siku moja. Nawe utashangaa, maana kinachomtuliza mtoto humtuliza na mzazi.