Majani yakioza baada ya kuhama, usikimbilie kutupa mimea ya tangi la samaki

Familia inapohamia nyumba nyingine, vitu huonekana vimetulia baada ya siku chache: vitanda vimefungwa, sufuria zimepata kabati, televisheni inawaka. Kisha mtoto anakuja na habari mbaya. Samaki wazima, lakini mimea ya kwenye tangi inakufa. Majani yamegeuka ya kahawia, mengine yamelegea na yanachanika yakiguswa kidogo tu.

Wazazi wengi hung'oa yote na kutupa. Haraka hiyo ni hasara mara mbili. Mimea ambayo ingepona inapotea, na samaki wanakosa msaada wake katika siku ambazo wanauhitaji zaidi.

Kwa nini mimea inaugua

Mmea wa majini hujenga majani yake kulingana na maji, mwanga na joto la mahali ulipo. Ukihamishwa, hali hizo hubadilika kwa siku moja, na mizizi nayo hukatika wakati wa kung'olewa. Mmea huacha majani ya zamani na kutumia akiba iliyo kwenye mizizi na shina kuotesha mengine yanayofaa makazi mapya.

Kriptokorini, mmea wenye asili ya Asia unaopendwa na wafugaji wengi wa samaki wa mapambo, unajulikana sana kwa tabia hii. Unaweza kupoteza majani yote ndani ya siku chache, kisha ukachipua tena baada ya wiki mbili hadi nne. Anubiasi, ambao asili yake ni Afrika Magharibi na Kati, ni mgumu zaidi, ila hukua polepole, hivyo usitarajie jani jipya kila wiki.

Pima kabla ya kutupa

Usihukumu mmea kwa majani. Shika shina na mizizi kwa vidole. Ikiwa ni migumu, mmea ungali hai hata kama juu hakuna kitu. Ikiwa imelainika, imekuwa myeusi na inanuka, huo umekwisha, utoe.

Majani yaliyooza yakatwe kwa mkasi safi karibu na shina, na vipande vyote vitolewe majini. Hapa ndipo lilipo jambo kubwa. Majani yanayooza hutoa amonia, sumu ile ile inayotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Kwa kawaida bakteria wanaoishi kwenye chujio na changarawe huibadilisha isilete madhara. Lakini wakati wa kuhama, chujio likikaa saa nyingi bila maji yanayotembea au likikauka, bakteria hao hufa kwa wingi. Ukiona samaki wanahema haraka au wanakaa juu kutafuta hewa, badilisha sehemu ya maji siku hiyo hiyo, punguza chakula na uhakikishe pampu ya hewa inafanya kazi.

Wiki mbili za mwanzo

Badilisha robo ya maji mara mbili kwa wiki. Maji ya bomba yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini, inayopatikana kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Chujio lisuuzwe kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi, si ya bomba, maana klorini huua bakteria wale wale unaowategemea.

Mwanga uwe wa saa sita kwa siku, kisha uongezwe taratibu hadi nane majani mapya yakitokea. Mmea usio na majani hauwezi kutumia mwanga mwingi; unaofaidika ni mwani, ule uchafu wa kijani unaoganda kwenye kioo. Kwa sababu hiyo, usiweke tangi mahali jua linapopiga moja kwa moja.

Mbolea ya maji isubiri hadi machipukizi yaonekane. Na ukishapanda, usihamishe tena mmea kila siku kutafuta mahali pazuri zaidi, kwani kila unapoung'oa unakata mizizi iliyoanza kushika. Anubiasi usifukiwe shina lake kwenye changarawe, litaoza. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti.

Kama bado hamjahama

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, hivyo tangi la lita 60 likijaa lina zaidi ya kilo 60. Msilibebe na maji. Kioo kinaweza kupasuka na kumwumiza mtu. Mimea ifungwe kwenye gazeti lililoloweshwa na kuwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na jua. Chujio lisafiri ndani ya maji ya tangi lenyewe, na liwe miongoni mwa vitu vya kwanza kuwashwa mkifika.

Mpe mtoto kazi

Mtoto naye amehama. Ameacha marafiki, pengine na shule. Kumwachia ulinzi wa mimea kunampa kitu cha kufuatilia. Achore kila Jumamosi anachokiona, ahesabu machipukizi, aokote majani yaliyooza kwa kijiti. Mzazi achomoe umeme kabla ya mkono wowote kuingia majini, na mikono ioshwe kwa sabuni baadaye. Mwambie mapema kwamba mingine haitapona, ili asidhani ni uzembe wake.

Mabaki ya mimea yasitupwe mtoni, ziwani wala kwenye mtaro. Gugumaji linalosumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 lina asili ya Amerika Kusini, na lilisambaa duniani kwa sababu watu walilipenda kama pambo. Yaanike juani hadi yakauke kabisa, kisha yatupeni kwenye taka.

Baada ya mwezi mmoja, hesabuni pamoja. Mmea uliotoa majani mapya mawili au matatu umeshika. Usiotoa chochote na mizizi yake imelainika, hapo sasa mnaweza kuung'oa.