Siku ya Mwongozaji wa Watalii Machakos, na Pesa Ambazo Hazikuwa Zimeingia

Ukitoka Nairobi kwenda Machakos ni kilomita 64 hivi, na ukishuka stendi unaweza kudhani ni mji wa soko kama mingine. Jumamosi moja tulitembea na kijana anayeongoza watalii hapo, tukabadilisha mawazo.

Alituanzia na jina. Machakos linatokana na Masaku, kiongozi na mtabiri wa Wakamba. Waingereza waliweka hapa kituo chao cha utawala wa bara kabla Nairobi haijakuwa mji. Kisha reli kutoka Mombasa ikapita mbali, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na makao yakahamia huko. Akatueleza pia habari za Muindi Mbingu, aliyeongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi mwaka wa 1938 kupinga serikali ya kikoloni kuwanyang'anya ng'ombe wao. Mchana tulikula muthokoi. Wageni wakiwa na muda zaidi, huwafikisha Wamunyu kwa wachonga vinyago.

Hiyo ndiyo biashara yake: anauza hadithi na siku yake. Hana ofisi wala gari. Wageni humpigia simu, yeye hukodi gari, na malipo huja kwa simu. Mgeni asipotokea, hakuna bidhaa ya kurudisha kwenye rafu. Siku imeenda, na mwenye gari bado anadai.

Meseji ya saa mbili usiku

Kwa sababu hiyo aliamua kuomba malipo ya awali. Hapo ndipo alipokaribia kuchomeka.

Mtu alimpigia Alhamisi usiku akisema ana kikundi cha watu kumi. Walikubaliana atume Sh1,500 kwanza. Baada ya dakika chache meseji ikaingia: amepokea Sh3,500. Simu ikalia tena: "Bosi wangu, nimekosea, nimetuma na pesa za mtoto za shule. Nirudishie elfu mbili tu, tafadhali, niko hospitalini."

Kwenye akaunti alikuwa na Sh2,200, na pesa hizo zilikuwa za gari la wageni wengine wa kesho yake. Alikuwa ameshaandika namba ile, amebakisha kuweka PIN. Mama yake, waliyekaa naye sebuleni, akamuuliza: "Umeangalia pesa zenyewe ama umeangalia meseji?"

Akaangalia salio. Lilikuwa Sh2,200 vilevile. Meseji ilikuwa imetoka kwa namba ya kawaida ya simu, imeandikwa kufanana na zetu.

Alitusimulia haya tukiwa Kyamwilu, pale barabarani ambapo maji yakimwagwa huonekana kupanda mlima. Yanateremka, lakini jinsi vilima vilivyokaa hufanya mteremko uonekane kama mwinuko. "Macho yangu yalinidanganya namna hii," alisema.

Anavyofanya sasa

*Anaangalia salio kabla ya kujibu.* Meseji si pesa. Pesa ni zile zilizo kwenye akaunti yako. Mtu akikuharakisha, hiyo ni sababu ya kupunguza mwendo.

*Harudishi pesa "zilizokosewa" kwa mkono wake.* Hata kama zimeingia kweli, mwambie aliyetuma awasiliane nasi aombe zirudishwe. Ukizituma mwenyewe, huenda ukalipa mara mbili, au ukapeleka pesa kwa mtu asiyehusika.

*Anapokea kwa namba ya tili.* Pesa za kazi hazichanganyiki na za unga na karo, na mwisho wa mwezi anaona wazi nani alilipa na siku gani.

*Anaandika masharti.* Kabla ya kupokea chochote hutuma ujumbe mfupi: tarehe, idadi ya watu, bei yote, malipo ya awali, na kitakachotokea safari ikivunjika. Yeye hurudisha malipo yote ukimwambia siku tatu kabla. Ukikawia, anakata gharama ya gari. Tangu aanze hivyo, anasema, mabishano yamepungua sana.

Na wewe unayesafiri

Nawe una haki ya kujilinda. Mwongozaji wa watalii Kenya anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, kwa hivyo omba kuiona kabla ya kutuma pesa. Jina linalotokea kabla hujathibitisha malipo lilingane na la mtu au biashara mliyokubaliana. Tuma sehemu tu ya malipo, nyingine ulipe mkikutana, na uhifadhi ujumbe wa malipo hadi safari iishe.

Wale watu kumi hawakutokea kamwe. Wageni wa Ijumaa walifika saa tatu asubuhi, wakakuta gari linawasubiri, limelipiwa kwa zile elfu mbili.

Ukipata meseji unayoitilia shaka, usijibu na usitume chochote. Angalia salio lako, kisha utupigie.