Kasi ya Rotavapu Iko Kwenye Baridi

Wapika gongo wanajua jambo ambalo maabara zetu nyingi bado zinalilipia: moto peke yake hautoi pombe. Ndiyo maana mitambo yao hufichwa kando ya mito. Bomba linalotoka kwenye pipa hupitishwa ndani ya maji baridi, na maji hayo yakishika uvuguvugu humwagwa, yakawekwa mengine. Ukizembea hapo, mvuke unatoka kama ulivyo na jasho lako lote linapotelea hewani.

Nimewakumbuka mara nyingi nikiwa mbele ya rotavapu, mashine ambayo mtu yeyote anayechunguza dawa za mitishamba lazima akutane nayo. Majani au magome yakishalowekwa kwenye ethanoli na kuchujwa, kinabaki kimiminika cha kijani au cha kahawia ambacho sehemu yake kubwa ni ethanoli tupu. Hiyo ndiyo inayotakiwa kuondoka ili dawa ibaki, na ikikusanywa vizuri inarudi kazini kwa mzigo unaofuata. Mtafiti anayenunua viyeyushi kwa pesa ya mradi mdogo anaelewa thamani ya kila lita inayorudi.

Mashine yenyewe si ngeni. Mkemia wa Marekani, Lyman Craig, na wenzake walieleza muundo wake mwaka 1950, na mwaka 1957 kampuni ya Büchi ya Uswisi ikaiingiza sokoni. Flaski ya duara huzunguka ikiwa imegusa beseni la maji moto, pampu inavuta hewa, mvuke unapanda hadi kwenye kondensa yenye koili ya maji baridi, kisha matone yanadondokea flaski ya kupokelea. Kuzunguka kunakipaka kimiminika kwenye ukuta wa kioo kama utando mwembamba, na utando huvukizwa upesi kuliko kimiminika kilichotulia. Kwa sababu hiyohiyo flaski haijazwi kupita nusu.

Kuvuta hewa kuna maana yake. Wapagazi wa Kilimanjaro wanajua kuwa kule juu maji huchemka mapema na maharage hayaivi, kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo. Rotavapu inaumba mlima huo mezani. Ethanoli, ambayo pwani huchemka kwenye nyuzi 78, hapa huchemka kwenye nyuzi 40 ukishusha kanieneo hadi milibari 175 hivi. Dawa nyingi za mimea haziwezi kuvumilia moto. Tu Youyou wa China aliliona hilo mwaka 1971: dawa ya malaria iliyomo kwenye mmea wa qinghao ilikuwa ikiharibika kwa joto, naye akaipata alipotumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa kazi inapokwenda polepole, mkono hukimbilia wapi? Kwenye kitufe cha joto. Nimefanya hivyo mwenyewe, katika maabara moja ya Dar es Salaam, mwezi Februari. Beseni tulilipandisha hadi nyuzi 70, tukashusha kanieneo kadiri pampu ilivyoweza. Flaski ilichemka kwa nguvu, tukafurahi. Chumba kikaanza kunuka. Jioni, tulipopima kilichokusanywa, hakikufika nusu ya tulichomimina. Iliyobaki ilikuwa imepita kwenye pampu na kuingia mapafuni mwetu, nayo ni mvuke unaoshika moto.

Kosa lilikuwa bombani. Maji ya kupoza kondensa yalikuwa na nyuzi 30. Kwenye milibari 100 ethanoli huchemka kwenye nyuzi 30 hivi. Mvuke wake hauwezi kugeuka matone ukigusa koili yenye joto lilelile. Kila kilo ya ethanoli inayovukizwa hubeba takriban kilojuli 850, na kondensa inatakiwa iupokee mzigo huo wote na kuuondoa. Ikishindwa, kuongeza moto ni kuongeza hasara.

Mafundi wa mashine hizi wana kanuni ya nyuzi 20: beseni 60, mvuke 40, maji ya kupoza 20. Dawa ikiwa dhaifu zaidi, iwe 50, 30 na 10. Kwa maji ya bomba ya pwani, kuitimiza kungehitaji beseni la nyuzi 70, joto lilelile tunalolikimbia. Kwa hiyo ukitaka kasi, anza na upande wa baridi. Mashine ya kupoza maji na kuyazungusha ndiyo jibu. Isipopatikana, ndoo ya maji na barafu yenye pampu ndogo ya kuzamisha, kama ile ya tangi la samaki, inafanya kazi kubwa, mradi barafu iongezwe kabla haijaisha. Tena hutamwaga maji kwenye sinki siku nzima wakati mtaa wa pili watu wananunua kwa dumu.

Kuna mawili mengine. Mashine ikiwa tupu na kavu, vuta hewa, zima pampu, utazame kipimo. Kanieneo ikipanda upesi, panavuja, na mara nyingi ni sili ya shingo inayozunguka. Na wanaotumia ethanoli ya asilimia 70 wajue kuwa maji ndiyo mzigo: kwenye nyuzi 40 yanataka kanieneo ishuke hadi milibari 72, na kila kilo inadai joto zaidi ya mara mbili ya ethanoli. Shusheni taratibu, maana michanganyiko mingi ya mimea hutoa povu, na povu likifika kwenye kondensa, kazi yote inaanza upya.

Nawaomba wanaoandaa bajeti za maabara za pwani: kabla ya kusaini ununuzi wa rotavapu kubwa zaidi, chukueni kipimajoto, mpime maji ya bomba lenu saa 8 mchana. Yakizidi nyuzi 20, nunueni kwanza mashine ya kuyapoza.