Deni analolificha baba ndilo linalomtoa nyumbani

KATIKA kata ya Kamuli, wilayani Kyerwa, hakuna mwezi unaomwelemea baba wa familia kama Januari. Maharage yaliyovunwa mwishoni mwa mwaka yamekwisha kugawanywa baina ya chungu, mbegu na soko. Ndizi zipo kibanjani, lakini mkungu mmoja haumfikishi mtoto shule ya bweni. Kahawa, ambayo ndiyo fedha ya mwaka mzima, ingali kijani mtini, na mavuno yake husubiriwa mpaka mwezi wa Mei. Wakati huo huo shule zinafunguliwa. Ni kweli kwamba mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali iliondolewa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikafuata ile ya kidato cha tano na cha sita. Lakini sare, madaftari, godoro, nauli na mchango wa chakula bado vinamtazama baba usoni.

Hapo ndipo inapoingia butura. Msomaji aliye mbali na Kagera huenda hajapata kulisikia neno hili. Mkulima humuuzia mwenye fedha kahawa iliyo bado ua au tunda changa, kwa bei iliyo chini mno ya ile ya msimu. Kahawa ikiiva, anayetoka jasho kuilinda na kuichuma ni yeye, lakini mwenye mali ni mwingine. Serikali imeipiga vita biashara hiyo, na mwaka 2018 iliagiza kahawa ya mkoa iuzwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo kwa Karagwe na Kyerwa vimeunganishwa na chama kikuu cha KDCU. Butura haikufa, kwa kuwa haja iliyoizaa haikufa. Hufanyika kwa kunong'onezana, na mara nyingi mke ndiye wa mwisho kujua. Mwaka 2024, bei ya robusta ilipopanda katika soko la dunia kufikia viwango visivyopata kuonekana kabla, aliyekuwa ameuza maua yake hakuwa na la kufanya ila kuhesabu kilo za wenzake.

Ndugu msomaji asishangae kwamba makala inayohusu nafsi ya baba imeanzia kwenye kahawa. Tunapomzungumza baba asiyepatikana nyumbani, haraka sana hutamkwa neno kazi: kazi imemchukua, kazi imemla. Kwa Kamuli maelezo hayo hayatoshi. Kibanja cha Mnyambo kimeizunguka nyumba yake. Akipalilia migomba anasikia watoto wake wanavyogombana uani. Adhuhuri hurudi kula. Ikiwa kazi iko mlangoni, ni kitu gani basi kinachomfanya awepo na asiwepo? Jibu langu ni deni, na hasa deni analolijua yeye peke yake. Mwili uko mkekani pamoja na wanawe, na moyo uko kwa mdai. Mtoto akiuliza swali hajibiwi, akiuliza tena anakaripiwa.

Mwajiriwa naye hakusalimika. Mwalimu au muuguzi aliyepangiwa kituo mbali na ahali yake hubeba hesabu ile ile, isipokuwa mdai wake hukata moja kwa moja kwenye mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na ikampa baba siku zisizopungua 3 za likizo yenye malipo mkewe anapojifungua. Siku 3 ni chache. Mtoto hajapewa hata jina. Hata hivyo ni afadhali ya dereva wa bodaboda na kibarua wa shambani, ambao siku wasiyotoka ni siku wasiyokula. Tena sheria yoyote, hata iwe njema namna gani, huhesabu saa za mikono. Saa ambazo baba yuko macho kitandani akipiga hesabu hakuna anayezihesabu.

Mtu aliyekaa msikitini si wakati wa Sala

Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba siku moja Mtume Muhammad (S.A.W) aliingia msikitini akamkuta mtu mmoja wa Ansari, Abu Umama, amekaa humo na hali si wakati wa Sala. Akamuuliza sababu. Yule bwana akajibu kuwa ni mahangaiko yaliyomwandama pamoja na madeni. Mtume akamfundisha dua ya asubuhi na jioni, ya kumwomba Mwenyezi Mungu amkinge na hamu na huzuni, udhaifu na uvivu, woga na ubakhili, kuzidiwa na deni na kutenzwa nguvu na watu. Wanazuoni wa hadithi wamewajadili wapokezi wa kisa hicho, lakini dua inayokaribiana sana na hiyo imethibiti kwa Anas bin Malik (R.A) katika Sahihi Bukhari.

Watu wengi huikariri dua hiyo na kupita haraka mwanzo wa kisa. Kabla ya dua palikuwa na jicho lililomwona mtu yuko mahali pasipo saa yake, na palikuwa na swali. Abu Umama hakusema hajambo. Alisema linalomsibu. Na dua yenyewe imeweka huzuni na deni katika ombi moja. Bwana Mtume hakumwambia kwamba imani yake ni dhaifu.

Wapo wanaodhani kwamba Mwislamu wa kweli haelemewi moyoni. Hao na wamtazame Nabii Yaakub (A.S), baba aliyempoteza mwanawe, ambaye Qur'an inatueleza kwamba macho yake yalipoteza nuru kwa huzuni. Alikuwa Mtume, alikuwa na subira njema, na bado alihuzunika hadi mwili ukaonyesha.

Kwa wanaume wa Kagera kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu, na miaka iliyofuata nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu. Jirani zetu wa Nshamba, wilayani Muleba, waliona mapema kwamba yatima hahitaji blanketi na daftari tu. Katika miaka ya 1990 ulianzishwa huko mradi wa kuwahudumia yatima kwa upande wa nafsi, ukaitwa Humuliza, neno la Kihaya lenye maana ya kuliwaza. Watoto wa wakati ule ndio akina baba wa leo. Mtu aliyelelewa bila kumwona mwanamume mzima akisema kwamba amechoka, au akikosea na kuomba radhi kwa mkewe, atajifunza kwa nani? Wengi wamejitungia ubaba wao wenyewe, na mara nyingi walichopata kukitunga ni ukimya.

Aliyeambiwa kwanza

Katika historia ya dini yetu kuna usiku ambao mwanamume bora kuliko wote alirudi nyumbani akitetemeka. Alikuwa ametoka katika pango la Hira, baada ya kushukiwa na Wahyi wa kwanza. Hakukaa njiani hadi apate kujikaza. Aliingia kwa Bibi Khadija (R.A), akaomba afunikwe, na hofu ilipompungua akamsimulia yaliyotokea na kumweleza wazi kwamba aliihofia nafsi yake. Bibi Khadija hakumcheka wala hakumuuliza atamlisha nani sasa. Alimkumbusha wema wake mmoja mmoja, jinsi anavyounga udugu na kumbebea mnyonge mzigo wake, kisha akamfuatanisha hadi kwa Waraka bin Naufal, mtu mwenye elimu. Kisa hiki kimepokewa na Bibi Aisha (R.A), nacho kimo katika Sahihi Bukhari.

Baba anayeona aibu kumwambia mkewe kwamba kahawa ya mwaka huu imekwisha kuuzwa, aibu hiyo ameitoa wapi? Si katika nyumba ya Mtume. Qur'an, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inataka hata kumwachisha mtoto ziwa kuwe kwa kuridhiana na kushauriana baina ya baba na mama. Ikiwa ziwa la mtoto lina mashauriano, mavuno ya mwaka mzima hayana? Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika sura hiyo hiyo, inahusu kuandika deni na kuliwekea mashahidi. Deni la kificho liko mbali na mafundisho hayo kwa kila upande.

Butura yenyewe ina hukumu yake. Ibn Umar (R.A) amepokea kwamba Mtume (S.A.W) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake, akamkataza muuzaji na mnunuzi pamoja. Wanaume wengi husimuliwa nusu tu ya mafundisho haya, wakaondoka wakiwa na dhambi mpya juu ya deni la zamani. Nusu ya pili imepokewa na Ibn Abbas (R.A): Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla, akawaelekeza wafanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Mafakihi huuita mkataba huo salam. Mnunuzi hutoa fedha yote siku ya kuafikiana. Kinachouzwa ni kiasi maalumu cha mali ya sifa maalumu itakayokabidhiwa tarehe iliyotajwa, wala si maua ya mti fulani ambayo mvua ya mawe yaweza kuyapukutisha. Kwa kuwa kahawa yetu hukusanywa na vyama vya msingi, utaratibu wa namna hiyo ungefaa ubebwe na vyama hivyo, kwa maandishi, Januari pale pale haja inapobisha hodi. Masheikh na viongozi wa ushirika wa Kyerwa wangeweza kukaa meza moja kwa ajili hiyo.

Liko tatizo ambalo mkataba hauliponyi. Baba aliyekosa usingizi kwa majuma mawili au zaidi, anayekasirishwa na kila sauti, asiyetamani chakula wala mazungumzo, aliyeanza kuitafuta rubisi ambayo hakuizoea, au anayesema kwamba familia ingekuwa na nafuu kama yeye asingekuwapo, huyo ni mgonjwa, naye anahitaji tiba kama anavyoihitaji mwenye malaria. Ugonjwa huo huitwa sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Maneno kama hayo yakisikika yasifanyiwe mzaha, wala mtu huyo asiachwe peke yake. Aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aeleze usingizi wake na mawazo yake bila kuyapamba, na akihitaji rufaa iko njia ya hospitali ya wilaya hadi ya mkoa mjini Bukoba. Kisomo na dua viendelee. Dawa haipingani navyo.

Salman (R.A) alipomtembelea ndugu yake Abu Dardaa (R.A) alimkuta mke wa mwenyeji wake amejiachia bila kujitunza, kwani mumewe hakuwa na haja na dunia: mchana amefunga, usiku anasali. Salman akamlazimisha ale, akamlazimisha alale, kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahali yake ina haki, na kila mwenye haki apewe yake. Mtume (S.A.W) alipopelekewa habari alisema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada ya sunna haikuachiwa ile haki ya mke na ya usingizi, palizi haiwezi kuachiwa. Na kwa upande wa watoto, Mtume alisali akiwa amembeba Umama, binti wa binti yake Zaynab, akimweka chini aliposujudu na kumbeba tena aliposimama. Baba wa Kamuli anayerudi adhuhuri kula anaweza kabisa kula na mtoto ubavuni. Hilo halihitaji likizo wala fedha.

Tuna vyama vya kuzikana karibu katika kila kijiji cha mkoa huu, na ni vyama vyema. Tatizo lake ni kwamba humfikia baba akiwa amekwisha kufa. Baada ya Sala ya Ijumaa, imamu na wazee wa msikiti hawakosi kumwona yule aliyebaki nguzoni wenzake wote wakiwa wametoka. Wamkaribie, wamuulize kama alivyoulizwa Abu Umama, na wakae naye mpaka aseme. Na mke atakayeambiwa usiku wa leo kwamba fedha ya kahawa haipo, atakuwa na haki ya kukasirika. Akasirike, kisha wachukue daftari la mtoto, waandike pamoja ni nani anadai, kiasi gani na mpaka lini.