Mtoto Wetu Anaishi Juu ya Kabati

Ana miaka 4, ana usonji, na hakuna kitu ndani ya nyumba hii ambacho hajakipanda. Isome pamoja na mwenzi wako, hasa kama na nyie mmeanza kuulizana, "Ulikuwa wapi?"

Msomaji, wewe ukiingia sebuleni kwako unaona nini? Kochi, tivii, pazia, picha ya harusi ukutani. Mimi naona ngazi. Unaanzia kwenye kochi, unakanyaga meza ya tivii, unashika nondo za dirisha, na kileleni kabisa ni juu ya kabati la vyombo. Saa 11 na nusu alfajiri bwana mdogo wetu yuko tayari huko juu, na nguo zake za kulalia, anatutazama sisi wazazi tunavyopiga miayo.

Najua unachotaka kusema. "Si watoto wote wanapanda?" Ndiyo, wote wanapanda. Lakini mtoto wa jirani anapanda kufuata biskuti. Akiipata anashuka, na akianguka siku moja atakuwa na adabu wiki nzima. Wa kwetu hafuati kitu. Huko juu hakuna biskuti wala nini. Anapanda, anashuka, anapanda tena, mpaka chai inapoa. Mwaka jana alianguka akapasuka kidevu, tukakimbia naye hospitali, akashonwa nyuzi 3. Jioni ile ile tulimkuta juu ya friji na plasta yake.

Sasa nikupe ya Jumapili ile. Ndugu wa mume wangu walikuja kututembelea hapa Tabata. Pilau jikoni, viti vya plastiki uani, watu wazima kama 18 hivi na wote wana macho. Mimi jikoni najua mtoto yuko na baba yake. Baba yake uani anajua mtoto yuko na mimi. Dada wa kazi naye anajua bibi kampakata. Aliyemwona ni mtoto wa jirani, alinyoosha kidole tu. Bwana mdogo alikuwa juu ya mnara wa tangi la maji, futi 15 kutoka chini, kakaa juu ya tangi lenyewe, kaning'iniza miguu, anacheka peke yake.

Mume wangu alipanda na shati lake la sikukuu. Hakuna aliyepumua. Alipofika chini naye salama, neno la kwanza kati yetu halikuwa "Mungu mkubwa." Lilikuwa "Ulikuwa wapi?" Na mimi, mbele ya wakwe zangu, nikajibu, "Na wewe ulikuwa wapi?" Usiku ule mwenzangu alilala sebuleni.

Kurasa kama hizi huwa zinatuonya juu ya nyumba ndogo, mawifi na pesa. Sawa. Lakini ndoa yetu ilikuwa inaliwa na kitu kingine kabisa: hesabu. Nani kalala saa chache zaidi, nani kaacha kazi katikati kukimbilia nyumbani, nani kakosa harusi ya rafiki yake. Mume wangu akaanza kuchelewa kurudi, kila siku foleni ya Mandela. Mimi nikaanza kutamani, na Mungu anisamehe, angalau afukuzwe kazi wiki moja tu aone siku yangu inavyokwenda.

Mama mkwe yeye alikuwa na jibu. "Mwanangu, mtoto huyu umemdekeza." Alilisema kwa upole kabisa, na ndiyo maana liliuma. Nikaja kugundua kuwa siyo kwetu tu. Huko Marekani kuna miaka wasomi waliandika kwamba usonji unaletwa na mama asiye na mapenzi kwa mtoto. Bruno Bettelheim alitoa kitabu kizima cha namna hiyo mwaka 1967. Na mtu aliyekuwa ameshaanza kupinga mawazo hayo, Bernard Rimland, alikuwa mwanasaikolojia na pia baba wa mtoto mwenye usonji. Kitabu chake kilitoka mwaka 1964. Leo inajulikana kuwa usonji ni jinsi ubongo ulivyojengeka na kukua, na urithi una nafasi kubwa. Kudekeza hakumo. Nilimweleza mama mkwe taratibu, tukimenya vitunguu. Hakusema kitu, lakini la kudekeza halijarudi tena.

Kwa nini anapanda?

Kliniki ya kwanza tuliyokwenda walituambia watoto wa kiume huchelewa, tusubiri. Tukasubiri mwaka mzima. Usisubiri. Mtoto akifika miaka 2 haunganishi maneno mawili, haitiki jina lake, hakutazami, hakuonyeshi kitu kwa kidole, mpeleke kwa daktari wa watoto, na sisitiza apimwe masikio pia. Sisi daktari wa pili ndiye aliyetupeleka kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Wataalamu hawa ni wachache hapa kwetu. Chuo chao kiko KCMC, Moshi. Ukimpata mmoja, mng'ang'anie.

Alitueleza hivi. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kinachoupa ubongo habari za mizani: umesimama, umeinama, unazunguka. Misuli na viungo navyo vinapeleka habari zao: mkono uko hapa, mguu uko pale. Kuna watoto ambao habari hizo huwafikia hafifu, kama redio yenye betri zilizokwisha, kwa hiyo wanaongeza sauti wenyewe kwa kupanda, kuruka na kuzunguka. Wengine wanafuata juu kwa sababu juu kuna utulivu, hasa nyumba ikijaa kelele. (Nikaikumbuka Jumapili yetu na watu wake 18.) Mawazo haya yalijengwa na Mmarekani A. Jean Ayres, mtaalamu wa fani hiyo hiyo, katika kitabu chake cha mwaka 1972. Nisikudanganye, wataalamu bado wanabishana tiba hiyo inasaidia kiasi gani. Mimi nakuambia ya nyumbani kwangu tu.

Na ya nyumbani kwangu ni kwamba huwezi kumkataza mtoto huyu kupanda. Unachoweza ni kumchagulia pa kupanda.

Mume wangu alienda gereji akaomba matairi chakavu, wakampa bure, wakashukuru na kushukuru. Akayafunga kwa bolti, yakawa kama kichuguu cha futi 4 hivi, chini tukamwaga mchanga laini. Kila tairi alilitoboa matundu chini maji yasituame, maana Dar tuliona homa ya dengue ya 2014 na ya 2019, na mbu wake anapenda sana maji ya kwenye tairi. Asubuhi kabla ya chai bwana mdogo anapanda hapo dakika 20. Kisha anabeba galoni dogo la maji kwenda kumwagilia mchicha. Kazi za kusukuma na kubeba zinamtuliza kuliko katuni. Siku tukitaka kwenda kanisani na kukaa hadi mwisho, haturuki hatua hii.

Ndani ilibidi tutoe pesa. Kabati na meza ya tivii vimefungwa ukutani kwa vyuma, na ninakuomba ufanye hivyo leo hata kama mwanao hapandi, maana kabati likimwangukia mtoto linaua. Nondo za madirisha yetu zilikuwa za kulala, yaani tulimjengea ngazi wenyewe. Fundi wa kuchomea alizibadilisha zikawa za kusimama. Mwenye nyumba alinuna, lakini hela ilikuwa yetu. Ngazi ya mnara wa tangi imekatwa vipandio vya chini.

Pia tumeacha kupiga kelele "Shukaaa!" Kwa mtoto wetu ule ukelele ulikuwa burudani, alikuwa anapanda ili ausikie. Sasa tunasogea, tunamgusa kidogo, tunasema maneno mawili tu, "Miguu chini," sauti ya kawaida. Akishuka anasifiwa. Ilichukua miezi.

Ufunguo shingoni

Lakini kilichotuokoa sisi wawili ni ufunguo wa geti. Tuliuvalisha utepe mwekundu, na sheria ni moja: mwenye ufunguo shingoni ndiye mwenye mtoto. Hapiki, hashiki simu, hapokei wageni. Akichoka anamvalisha mwenzake na kusema, "Nakukabidhi," na mwenzake lazima ajibu, "Nimepokea," kama walinzi wanaobadilishana lindo. Bila kujibu, hujakabidhi. Mwanzoni tulicheka. Ila tangu hapo "Ulikuwa wapi?" haijasikika humu ndani, kwa sababu jibu linaning'inia shingoni kwa mtu. Dada wa kazi naye ana zamu yake, na ana mapumziko yake. Wawili waliomtangulia walikimbia, na siwalaumu hata kidogo.

Jumamosi mchana ni zamu ya baba. Mimi naenda saluni, au nakaa kwa shoga yangu sifanyi kitu. Jumapili jioni ufunguo ni wangu na yeye anaangalia mpira wake. Usiku tukishamlaza, utepe unaning'inizwa mlangoni na tunakula sisi wawili. Simu chini, na mtoto siyo mada.

Wiki iliyopita taa ya sebuleni iliungua. Mume wangu akavuta stuli, akapanda, mikono dari. Bwana mdogo, ambaye maneno yake yote bado hayajafika 20, akamsogelea, akamgusa mguu kidogo.

"Miguu chini," akasema.

Baba mtu akashuka.