Kumchongea mpinzani mtandaoni kwaweza kugharimu tenga 200

MFANYABIASHARA wa nyanya wa Ilula anayegundua kwamba mwenzake anatumia jina na picha za mzigo wake kuwatoza wanunuzi wa Dar es Salaam malipo ya awali kwa simu, ana kila sababu ya kukasirika. Mteja aliyetapeliwa hatauliza namba ilikuwa ya nani. Atahamia kwa dalali mwingine, na tenga zitaozea kando ya barabara kuu ya Mbeya.

Lakini hasira hiyo ikimwagwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara, mlalamikaji anaweza kugeuka mshitakiwa.

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamtia hatiani anayechapisha habari akijua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu au kudanganya umma. Adhabu ni faini isiyopungua Sh. milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Tenga likikadiriwa kwa Sh. 25,000, faini hiyo peke yake ni tenga 200.

Ni kweli kwamba upande wa mashitaka lazima uthibitishe kuwa mtu alijua anasema uongo. Hata hivyo, mpinzani anaweza pia kufungua kesi ya madai ya kashfa, ambako anayejitetea kuwa alisema kweli ndiye hutakiwa kuonyesha hivyo. Namba iliyosajiliwa kwa jina la jirani haitoshi kuonyesha kwamba jirani ndiye aliyeitumia.

Wenye majukwaa nao hawakusalimika. Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo, mwanzilishi wa JamiiForums, baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji walioandika tuhuma dhidi ya makampuni. Kesi mojawapo alishinda mwaka 2018. Katika nyingine, Aprili 2020, Mahakama ya Kisutu ilimtoza faini ya Sh. milioni 3 au jela mwaka mmoja. Wasimamizi wa makundi ya sokoni wanapaswa kulifikiria hilo.

Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya sheria hiyo hiyo, kwa hiyo pa kuanzia ni polisi. Namba ya tapeli hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Matangazo ya kupotosha hupelekwa Tume ya Ushindani. Aidha, sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa humkinga anayeripoti uhalifu kwa nia njema kwa mamlaka husika, si anayebandika tuhuma kwenye kundi.

Mazungumzo yasifutwe kwenye simu yenyewe, kwani mahakama hupima jinsi kumbukumbu ilivyotunzwa. Na anayeotea nywila ya mpinzani ili aingie kutafuta ushahidi anatenda kosa lake mwenyewe.

Wakati shauri likisubiri, hakuna anayezuiwa kuwatangazia wateja namba yake halali bila kumtaja mtu. Ikiandikwa pia kwenye karatasi anayokabidhiwa dereva wa lori, mnunuzi wa Ilala ataipiga kabla ya kutuma fedha za mzigo unaofuata.