Bei ya Mazungumzo: Kutoka Nakwa hadi Dodoma

Mwanafunzi wa kidato cha nne wa Nakwa, mjini Babati, akifika kwenye kujaza Selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, anakutana na tahasusi 65. Kabla ya mwaka 2024 zilikuwa 16. Uchaguzi umepanuka mara nne, lakini wengi wanaufanya bila kuwahi kukaa hata nusu saa na mtu anayekula kwa kazi wanayoitamani. Mwaka 2001 vijana wa Marekani waliokuwa wametoka chuo walipanda gari wakazunguka nchi yao wakiwauliza watu wamefikaje kwenye kazi zao. Mradi wao, Roadtrip Nation, ukaja kuwa kipindi cha televisheni. Je, darasa la Nakwa likitaka safari ya namna hiyo, litahitaji shilingi ngapi?

Nimepiga hesabu kwa wanafunzi 40 na walimu wawili. Nauli ni ya basi la daraja la kawaida kwa kiwango cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha Desemba 2023, shilingi 48.47 kwa kilomita. Chakula na malazi ni makadirio yangu. Wanafunzi wanagawanywa makundi manane ya watano watano, na kila kundi linaongea na watu wanne kwa siku. Kuzidisha hapo ni kuwaharakisha watu: salamu na kujieleza peke yake ni dakika kumi, na muuza perege akipata mteja, maswali yanasimama mpaka samaki wafungwe na chenji irudi.

Siku mbili za kwanza ni za miguu, Nakwa na Babati mjini. Chakula cha mchana kwa shilingi 3,000 kila mtu kinafika 252,000, na mazungumzo ni 64. Kila mazungumzo yamegharimu chini ya shilingi 4,000.

Siku ya tatu ni Magugu kwenye mpunga, kisha Minjingu kwenye kiwanda cha mbolea, kama kilomita 60 kutoka Babati. Nauli na chakula vinakaribia 370,000. Njia inakula nusu ya siku, kwa hiyo mazungumzo ni 16 tu, kila moja shilingi 23,000.

Dodoma ndiko hesabu inakopanda. Ni kilomita 251 za lami, siku tatu na malazi ya siku mbili. Nauli ya kwenda na kurudi ni kama 24,300 kwa mtu. Nimeweka malazi 10,000 kwa usiku na chakula 9,000 kwa siku. Jumla ni karibu shilingi milioni 3. Nauli imechukua theluthi tu. Fedha zinaishia kwenye kulala na kula. Siku mbili zikipotelea njiani, yanabaki mazungumzo 32, kila moja zaidi ya shilingi 93,000. Kwa fedha hizo, karibu madarasa 12 yangemaliza siku zao mbili za Babati.

Dodoma kuna Bunge na Chuo Kikuu cha Dodoma, na mtoto akiviona anafaidika. Lakini Babati ni makao makuu ya mkoa wa Manyara tangu 2002. Muuguzi, hakimu, mhandisi wa barabara na afisa ardhi wapo, kinachotakiwa ni barua ya shule na miadi.

Na wasiulizwe wenye ofisi peke yao. Mwendesha bodaboda kijiweni aulizwe hesabu yake yote. Tuseme siku imeingiza 25,000: akatoa 10,000 ya bosi na 7,000 ya petroli, amebaki na 8,000 kabla hajala wala hajabadilisha oili. Akiwa na pikipiki ya mkataba, aulizwe imebaki miezi mingapi iwe yake. Utafiti wa nguvu kazi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) wa 2020/21 ulikuta ukosefu wa ajira Tanzania Bara ni asilimia 9.0. Takwimu hiyo ni ya lazima kwa anayepanga nchi. Kijana wa miaka 17 anahitaji pia ile 8,000 na namna inavyopatikana.

Bila Dodoma, safari nzima ni kama shilingi 15,600 kwa mwanafunzi. Walimu na wazazi wa Nakwa, likizo ya Juni inatosha kwa hizo siku tatu. Andikeni barua za miadi mapema, na msiende kijiweni wala sokoni saa za wateja wengi.